Kitambaa Hulala na Chaki

Katika karakana ya Fundi kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kitambaa hulala na chaki. Jioni Fundi alichora, asubuhi alikata. Usiku kucha kitambaa kilibaki kimetandazwa juu ya meza ndefu na mistari yake myeupe, bila kuguswa. Sheria hiyo aliirithi kwa mzee aliyemfundisha kazi, ambaye alikuwa akisema kwamba jicho la jioni hujipendelea na jicho la asubuhi ni hakimu. Kosa la chaki unalifuta kwa brashi, lakini mkasi ukishapita umepita, na hapo fundi hana la kufanya ila kumtafutia mteja uongo mzuri.

Sheria ilikuwa ya Fundi, lakini aliyeitumia kweli kweli alikuwa mkewe.

Majirani walimwita Bi Pindo, kwa kuwa mapindo yote yaliyotoka katika karakana ile yalipita mikononi mwake. Walilojua wao ni hayo mapindo tu. Hawakujua kwamba kwa miaka saba mama huyu aliamka saa kumi na moja alfajiri, akamwacha mumewe anakoroma, akapita mlango wa nyuma unaotoka chumbani kwao hadi karakana, akawasha taa, akashika brashi ndogo na kipande cha chaki, akasahihisha mistari ya mumewe. Kisha alizima taa, akaenda kuchemsha maji ya kuoga kana kwamba ndiyo kwanza ameamka.

Fundi alikuwa mlevi. Tuliseme hivyo hivyo, maana wengine walilizunguka neno hilo kama chura aliyelala njiani. Wateja walisema "anapenda kuchangamka." Majirani walisema "ana mambo yake." Mwenyewe alisema, "Mimi ndiye ninayekunywa pombe, si pombe inayoninywa mimi," akacheka, na waliomzunguka wakacheka, kwa sababu alikuwa mtu wa mzaha na mkono wake ulisifiwa mji mzima.

Pombe yake aliiweka katika chupa ya chai ya rangi ya buluu, iliyokaa kwenye rafu pamoja na pasi. Kila aliyeingia alijua kilichomo, na kila aliyeingia alijifanya hajui. Chai gani hiyo inayonywewa saa mbili asubuhi, haitoi moshi, na mnywaji anakunja uso?

Ilimpata polepole. Mwanzo jioni, halafu mchana, halafu asubuhi, kwa sababu bila ya asubuhi vidole vilitetemeka hata kuingiza uzi sindanoni hawezi. Mpiga pasi wao wa zamani, aliyekuwa akinywa naye, siku moja alinunua ya bei nafuu iliyochanganywa na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitaja, akaamka macho hayaoni. Fundi alimwongoza kwa mkono mpaka hospitali, akalia njia nzima, akaapa kwamba yeye na pombe basi. Kiapo kilidumu siku nne. Binti yao naye alihamia kwa shangazi yake baada ya baba kuja kwenye kikao cha wazazi shuleni, akalala kitini na kukoroma mbele ya darasa zima. Siku hizi humpigia simu mama yake, na baba humuulizia kwa neno moja tu: "Mzima?"

Sasa kuhusu hiyo mistari. Mafundi wengi hukunja kitambaa mara mbili na kukata pande zote kwa pamoja. Fundi hakukubali kabisa. "Hakuna binadamu mwenye mabega pacha," alisema. Kila upande aliuchora peke yake, kulingana na bega lenyewe, na ndiyo maana koti lake lilimkaa mtu kama alizaliwa nalo. Lakini ikifika jioni alikuwa amelegea, ameuegemeza mwili mezani kwa ubavu wa kushoto, na mstari wa kushoto ukawa unatanuka nje kwa upana wa kidole kimoja. Haukuwa vidole viwili, wala haukuwa upande wa kulia. Hata ulevi wake ulikuwa na vipimo.

Bi Pindo aliligundua hilo kwenye koti la mteja mmoja mkali, akalirekebisha alfajiri, mumewe akalikata bila kujua, mteja akasifu. Na hivyo ndivyo ilivyoanza. Mwaka wa kwanza alipima kwa futi na kulinganisha na daftari la vipimo. Mwaka wa pili futi aliiacha msumarini. Mkono ulikwishajua: brashi juu ya mstari wa kushoto, kidole kimoja ndani, chaki. Alikuwa akimficha mumewe kwa watu, kisha akawa anamficha mumewe kwa mumewe mwenyewe, na hiyo ya pili ilikuwa kazi ngumu zaidi.

Mwalimu alikuja siku ya Jumatatu, amebeba bahasha kubwa ya karatasi kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamemnunulia kitambaa cha sufu cha rangi ya majivu, kipande cha mwisho cha jora, cha kutosha suti moja tu. Jumamosi ya wiki iliyofuata walikuwa wanamfanyia sherehe ya kumuaga.

"Fundi, koti langu la harusi ulilishona wewe," alisema. "Ndoa imedumu. Sasa nishonee la kustaafia, labda na uzee nao utadumu."

"Uzee haudumu, Mwalimu," alisema Fundi. "Ila nitakushonea."

Alimpima mara tatu. Bi Pindo, aliyekuwa akiandika vipimo, alimwona mumewe ametoka jasho kwenye paji la uso na vidole vinacheza juu ya futi. Mwalimu naye aliona, akatazama darini.

"Shemeji, huyu bwana ananitekenya," alimwambia Bi Pindo.

"Mvumilie, shemeji, ndiyo mapenzi ya mafundi."

Walicheka wote watatu, lakini moyoni Bi Pindo alikuwa na kihoro. Wiki tatu sasa mumewe alikuwa amebadilika kwa ubaya. Hakuwa amechora koti hata moja, alipokea viraka na kazi za kupunguza tu. Hali chakula. Usiku anageuka geuka na shuka linalowa jasho. Neno dogo anafoka, kisha anaomba radhi kama mgeni. Mfukoni mwake aliona vidonge, akadhani vya kichwa. Akajiambia kwamba sasa pombe inammaliza, na kwamba koti la Mwalimu huenda likawa la mwisho.

Jioni ile Fundi alichora koti tu, suruali akaiacha kwanza. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Saa kumi na moja jioni alivaa kofia, akatoka kama anavyotoka kila siku, na Bi Pindo hakumuuliza anakwenda wapi. Kuna maswali ambayo mtu huchoka kuyauliza kabla hajachoka kuyajibu mwenyewe.

Alfajiri aliingia karakana kama kawaida. Aliinama juu ya kitambaa, brashi mkononi, na akaona mstari wa kushoto umenyooka vizuri ajabu. Kitu kikamwambia ngoja. Lakini futi ilikuwa msumarini ng'ambo ya chumba, maji yalikuwa hayajachemshwa, na mkono ulikwisha kwenda. Brashi, kidole kimoja ndani, chaki. Mazoea yana taabu.

Saa mbili Fundi alikata.

Alhamisi Mwalimu alikuja kujaribu. Koti lilikuwa bado limeshikizwa kwa nyuzi nyeupe, mikono haijawekwa. Upande wa kulia ulikaa vizuri sana. Wa kushoto ulivuta begani, ukakaba kwapani, na kifungo hakikufika kwenye tundu lake.

"Nimenenepa tangu Jumatatu?" aliuliza Mwalimu. "Wanafunzi wangu wananilisha sana siku hizi."

Fundi hakucheka. Alifumua mshono wa ubavuni, akaachia kitambaa chote kilichokuwa kimebaki ndani, akavuta tena. Hakikutosha. Alirudi nyuma hatua mbili, akalitazama lile bega, kisha akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza juu na chini.

"Si wewe, Mwalimu," alisema polepole. "Ni huu. Niachie mpaka Jumanne."

Mwalimu alikuwa mtu mzima. Alivaa shati lake, akamshika Fundi bega kidogo, akaaga.

Fundi aliketi kwenye kiti cha cherehani. Akasema, si kwa mkewe hasa, "Basi hakuna maana."

"Maana ya nini?"

"Ya yote." Akainuka. "Zamani nilikuwa nakata vizuri. Mlevi vile vile, lakini nakata vizuri. Acha ninawe uso nitoke."

Alikwenda uani. Ilikuwa saa tisa mchana, mapema kuliko siku zote. Bi Pindo alisikia maji yakimiminika kwenye beseni, na ghafla hasira ya miaka saba ikampanda. Alikwenda kwenye rafu, akaishika chupa ya buluu. Hakuwahi kuifungua hata siku moja, na alikuwa amejizoesha kuzuia pumzi anapopita karibu nayo. Leo alitaka kuimwaga yote barabarani, watu waone, harufu ijae mtaa, liwalo na liwe. Alifungua kifuniko na kuiinamisha dirishani.

Iliyomwagika ilikuwa chai.

Alinusa. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akaonja. Chai, imepoa, ina sukari nyingi.

Alisimama pale dirishani na mambo yakajipanga yenyewe kichwani mwake. Jasho la usiku. Vidonge. Kufoka na kuomba radhi. Wiki tatu. Mtu huyu hakuwa amezidisha, alikuwa ameacha. Na kama alikuwa ameacha, basi Jumatatu hakuegemea meza. Na kama hakuegemea meza, mstari ulionyooka ulikuwa umenyooka kweli.

"Ni mimi," alisema kwa sauti. "Jamani, ni mimi."

Aliona njia mbili, na zote zilimtisha. Akinyamaza, mumewe atatoka sasa hivi akiamini kwamba mkono usio na pombe ni mbovu kuliko ule wenye pombe, na huko anakokwenda hatarudi tena. Safari hii hatakuwa na sababu ya kurudi. Akisema, itabidi aseme yote. Atamvua ufundi wa miaka saba, mtu ambaye hana kitu kingine duniani cha kujivunia. Na aliyevuliwa nguo hadharani huitafuta chupa pia.

Fundi aliingia, uso unadondoka maji, akachukua kofia.

"Ninatoka."

"Unakwenda wapi?"

"Unajua ninapokwenda."

"Hapana," alisema Bi Pindo. "Nilidhani najua. Kumbe wiki tatu hizi sijui." Akamwonyesha kifuniko cha chupa. "Hii ni chai."

Fundi aliinamisha macho, ameona haya kama aliyekutwa anaiba.

"Jioni ninakwenda zahanati," alisema. "Daktari alinikataza kuacha ghafla peke yangu, mwili niliouzoesha unaweza kunigeuka. Ananipunguzia kwa vidonge, ananipima. Anasema ini limechoka, halijafa."

"Na mimi hukuniambia."

"Nimekuahidi mara nne, mke wangu. Nne zote unazijua zilivyokwisha. Hii ya tano nikasema nisiahidi. Nikishindwa, nishindwe peke yangu." Akacheka bila furaha. "Na nimeshindwa. Umeliona koti. Nimekaa siku ishirini na moja ninaumwa kama mbwa, nikajiambia koti la Mwalimu ndilo litakaloniambia kama mkono umerudi. Limeniambia."

Akashika kitasa cha mlango.

"Koti limekudanganya," alisema Bi Pindo. "Mstari si wako. Niliusogeza mimi."

Fundi hakugeuka. "Umeusogeza lini?"

"Alfajiri. Kidole kimoja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo ninavyofanya." Sauti ilimtoka nyembamba, akaiachia iende. "Kila siku. Ukinywa, kushoto kunatanuka kidole kimoja. Ninaamka kabla yako, ninafuta, ninarudisha. Jumatatu hukunywa, na mimi sikujua. Sikupima. Nikarudisha kitu kisichokuwa kimekwenda mahali."

Sasa aligeuka. "Tangu lini?"

"Miaka saba."

Ukutani kulikuwa na picha ya jaji mmoja, amevaa koti la Fundi, na chini yake ameandika kwa mkono maneno ya shukrani. Fundi aliinyooshea kofia.

"Na lile?"

"Na lile."

Alikaa chini. Bi Pindo alitamani angepiga kelele, angevunja kitu, lakini Fundi alikuwa anahesabu makoti, moja moja, midomo ikicheza. Alipomaliza alisema kwa upole uliomuumiza mkewe kuliko kofi:

"Ungeniacha niharibu moja. Moja tu. Ningeona."

"Niliogopa."

"Najua."

"Niliogopa ada, niliogopa watu, niliogopa utakavyokuwa." Alikuwa analia sasa, wala hakujifuta. "Nilidhani ninakushikilia usianguke. Kumbe ninakushikilia humo humo shimoni."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini wenye kuusema msemo huo humfikiria mgonjwa peke yake. Hawamfikirii anayemshikia pazia.

Kisha Bi Pindo akakumbuka jambo, akapiga magoti kwenye kapu la vipande vilivyokatwa. Alichakura, akatupa huku nyuzi na mabaki ya bitana, mpaka akatoa ukanda mrefu mwembamba wa rangi ya majivu. Brashi hufuta chaki, lakini sufu ina manyoya, na manyoya huficha kidogo. Aliuleta mwangani. Juu yake, hafifu lakini wazi, ulipita mstari.

"Huu ni wako," alisema. "Pima."

Fundi aliutazama ule ukanda kwa muda mrefu. Akaweka kofia mezani. Akatandaza upande wa kushoto wa koti, akauweka ukanda penye ukingo wake, vikakutana kama mlango na fremu yake. Akaitoa futi msumarini. Vidole vilitetemeka, maana wiki tatu hazifuti miaka saba, lakini futi aliishika. Alipima begani, kwapani, kifuani, kila mara akitazama daftari. Alipofika mwisho alirudia tena kuanzia mwanzo.

"Sawasawa," alisema. "Umetoka sawasawa kabisa."

"Nakwambia."

"Mama wee," alisema Fundi, akafunika uso kwa kofia yake, na mabega yakamtikisika. Mkewe hakujua kama analia au anacheka. Vilikuwa vyote viwili.

Walikaa hivyo mpaka jua likahama mezani. Mwishowe Fundi alisema kwamba kitambaa cha suruali bado kizima, na humo upande mmoja wa koti utapatikana, ukikatwa kwa akili. Suruali watamshonea Mwalimu nyeusi, ya gharama yao, na watamwambia ukweli wote.

"Wote?" aliuliza Bi Pindo.

"Wote. Amefundisha miaka arobaini. Hatutakuwa wa kwanza kumletea kazi iliyofanywa na mtu mwingine nyumbani."

Akachora kabla ya kwenda zahanati. Hakuegemea meza. Kilikuwa kitambaa cha mwisho, jora limekwisha dukani, na baada ya hapo hapakuwa na kipande kingine cha kukosea. Alipomaliza alisimama mlangoni na kofia yake.

"Kesho," alisema, "usiamke mapema."

Saa kumi na moja alfajiri Bi Pindo alikuwa macho. Miaka saba haiondoki kwa kuambiwa. Kitanda upande wa pili kilikuwa kitupu na kimepoa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshajikunja wenyewe, vidole vitatu, kama umeshika chaki. Huenda alipotoka zahanati alipitia kule kwingine. Huenda mstari umetanuka. Hatua kumi na mbili tu kutoka kitandani hadi kwenye taa, kutazama mara moja, kutazama tu.

Aliukalia ule mkono. Akageukia ukuta, akafumba macho, akamwomba Mungu kwa maneno ambayo si ya kuandikwa.

Halafu akausikia mkasi. Ule mkasi mkubwa wa chuma, ukitafuna sufu polepole juu ya meza, ukisimama, ukiendelea. Hakuinuka. Aliusikiliza mpaka mwisho wa mstari, na hapo hapo, bila kutegemea, usingizi ukamchukua.

Alipoamka jua lilikuwa limefika dirishani, jambo ambalo hakukumbuka mara ya mwisho lilitokea lini. Alijitanda khanga, akapita mlango wa nyuma. Vipande vilikuwa vimelala mezani, vimeshakatwa. Futi ilikuwa kando yavyo, na Bi Pindo hakuishika. Fundi alikuwa ameinama kwenye cherehani, mbavu zinaonekana katika fulana, macho mekundu ya mtu aliyelala kidogo. Alimtazama mkewe, akaichukua chupa ya buluu, akamimina kwenye kifuniko, akamnyooshea. Kifuniko kilicheza cheza mkononi mwake.

Bi Pindo alikipokea, akanywa bila kunusa kwanza.